Kuonja Kwanza

Kazi yangu ni kumimina bia. Nikisema hivyo watu hudhani niko kwenye baa ya kawaida, ile ya viti vya plastiki na nyama choma, na mimi huwaacha wadhani, kwa sababu kueleza kunachosha. Bia tunazouza sisi hupikwa hapo hapo nyuma ya ukumbi, kwa mapipa machache, na kila pipa lina tabia yake. Wenyewe huziita bia za krafti. Mteja haji kulewa, au tuseme hakubali kwamba amekuja kulewa. Anakuja kuonja. Unamletea ubao wenye glasi ndogo zilizopangwa kuanzia nyepesi hadi nyeusi, unasimama kando yake na kumweleza kila moja imetoka wapi na inataka nini ulimini. Yeye ananusa, anafumba macho, anasema neno lolote, na wewe unaitikia kwamba ndiyo, hata wewe umelisikia hilo.

Msimu wetu mkubwa ni kiangazi, kuanzia Januari mpaka mvua za masika zinapokumbuka kazi yao. Jua likiwaka hivyo, meza zetu za nje hujaa watu wenye miwani myeusi. Mimi humaliza zamu na kurudi kwa miguu hadi Kianda, kwenye chumba changu cha kupanga, ambako mabati yamekuwa yakioka hewa tangu asubuhi.

Pombe sikuijulia kazini. Nimekulia ndani yake. Mama alikuwa akipika busaa mtaani Kambi Muru, kwenye chumba kimoja ambacho mchana kilikuwa kiwanda na baa, na jioni wateja wakiondoka kilirudi kuwa nyumba yetu. Unga wa mahindi uliovundikwa aliukaanga juu ya kipande cha bati mpaka ukawa na rangi ya udongo, halafu akauchanganya na maji na kimera cha wimbi, akaufunika na kuuacha ufanye kazi yake. Harufu ya ule unga iliingia hadi kwenye sare zetu za shule. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akiinusa na kunyamaza, maana yeye mwenyewe alikuwa mteja.

Mama alikuja Nairobi na desturi moja ya kwao magharibi ambayo hakuwahi kuilegeza: anayepika huonja kwanza. Kabla hajampa mtu yeyote, alichota kikombe, akasimama mlangoni penye mwanga, uso kwa wateja, akanywa. Si kulowesha midomo, ni kumeza. Wazee waliokuja kunywa hawakuangalia kikombe wala hawakuangalia uso wake. Waliangalia koo. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuishika pombe mdomoni akaenda kuitema nyuma ya nyumba, lakini akimeza utaliona koo likipanda na kushuka. Koo la mama likishuka, mikono ilinyooshwa na vikombe vikaanza kuzunguka.

Mimi na ndugu yangu, kitinda mimba wetu, tulicheza mchezo huo kwa maji na vikombe vya plastiki. Mimi nilikuwa mama, yeye mteja, na alikuwa mteja mgumu ajabu. Alikuwa akisogeza uso karibu na shingo yangu, anakaza macho, halafu anasema, "Sijaona. Rudia." Nilikuwa nikirudia mpaka tumbo linaanza kucheza kwa maji.

Kisha mama akaokoka. Alisimama kanisani mbele ya watu wote akatangaza kwamba tone la pombe halitapita tena kooni mwake, na kweli halikupita. Vyungu alivigawa. Akaanza kuuza omena hapo hapo mlangoni, na wale wazee wa busaa wakawa wanapita wakimwamkia kwa huzuni, kama watu waliofiwa.

Ndugu yangu alipokuwa mtu mzima alihamia Kawangware, kwa sababu mijengo mingi ilikuwa upande ule. Mchana alibeba mawe na kuchanganya simiti, jioni akaenda kukata maji kwa mama pima. Mama pima ni mwanamke anayeuza chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, nyumbani kwake, akiipima kwa glasi ndogo. Kila mtaa wetu una wake. Nilikuwa nimezoea hilo. Sikulipenda, ila nilikuwa nimelizoea.

Lakini mwaka ule habari zilizokuwa zikipita mitaani zilikuwa mbaya. Watu walikuwa wakisimulia juu ya chang'aa iliyotiwa kemikali za viwandani ili ishike haraka, na juu ya wanaume waliolala wazima wakaamka hawaoni, na wengine hawakuamka. Nilianza kuogopa simu. Kiangazi kile nilitaka jambo moja tu duniani: ndugu yangu aache kwenda kwa yule mama pima kabla hajafa au kupofuka.

Kumhubiria sikuweza. Mama alikuwa amemhubiria mpaka sauti ikakauka, na yeye alikuwa akiitikia amina kwa adabu na kuondoka zake. Nikaamua kumtoa kwenye pombe kwa kutumia pombe. Kazini kulikuwa na chupa ambazo lebo zake zimebandikwa upande, haziuziki kwa wateja wetu wenye macho makali, na meneja alituruhusu kuzichukua. Nikaanza kuzibeba kila Jumapili hadi kwa mama, nikamwambia ndugu yangu aje tuonje.

"Nyumba hii ni ya Mungu," mama alisema siku ya kwanza.

"Si Mungu ndiye anataka mtoto wako aje nyumbani?" nilimjibu.

Alinung'unika, lakini alitoa beseni lake la kufulia tukaweka chupa ndani ya maji na kuzifunika kwa gunia bichi. Ndugu yangu akija alipata mtu wa kumkaribisha na kitu cha kumkalisha, na mama aliliona hilo kabla sijamwonyesha. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akichambua omena, nyuma yake zile gorofa za Nyayo Highrise na nguo zao zilizoanikwa, akijifanya hatusikii.

"Niaje siz," ndugu yangu alikuwa akisema akiingia, akiinama ili asigonge kichwa. "Leo umeleta za aina gani?"

Nilimpangia vikombe kwenye kifuniko cha sufuria, vile tunavyowapangia wateja kwenye ubao. Nilianza na ya ngano, yenye rangi ya uji mwepesi, inayonukia ndizi mbivu na karafuu ingawa ndani yake hamna ndizi wala karafuu. Alinusa mara mbili. "Hii ni chai ya harusi," akasema, akaimaliza kabla sijamwambia aende polepole. Nikampa ile ya hopsi nyingi, yale maua machungu wapishi wetu wanayopenda kupita kiasi, naye akakunja uso wote.

"Aki siz, hii ni mwarobaini! Kuna msee anatoka kwake anakuja kununua mwarobaini?"

"Ngoja kwanza. Usiteme. Sikiliza nyuma ya ulimi."

Akangoja. Nilimwona akingoja, macho juu kwenye mabati. "Kuna chungwa," akasema polepole. "Ganda la chungwa. Siz, kuna chungwa huku nyuma!" Akanyoosha kikombe niongeze.

Bia chachu ya pasheni ilimtoa machozi. Alisema imeharibika, nikamwambia imeharibiwa makusudi na mtu mwenye shahada, na tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta wa bati kuuliza kuna nini. Ya mwisho ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu ya kahawa na ukoko wa ugali. Hapo mama alinyoosha mkono bila kugeuka. Nikampa chupa. Aliinusa.

"Huyu ameunguza unga," akasema.

Kisha akainusa tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyeokoka, akanirudishia na kuendelea na omena zake.

Nilifurahi Jumapili zile, na sitajifanya sikufurahi. Ndugu yangu alikuwa na ulimi mzuri, alikuwa na maneno, na alikuwa akinywa taratibu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilianza kuwaza kwamba anaweza kupata kazi kwetu, hata ya kuosha mapipa. Nilijiambia kwamba mtu akishajua kutafuta chungwa nyuma ya ulimi, ile chang'aa itamchukiza yenyewe.

Haikumchukiza. Jumapili moja nilimuuliza waziwazi kama bado anaenda kwa yule mama pima, naye hakudanganya. Hajui kudanganya.

"Jumapili ni Jumapili," akasema. "Jumatatu mgongo unauma, na hii yako haifiki Kawangware."

"Watu wanapofuka. Hausikii?"

"Nasikia. Lakini yule mama hana mchezo, siz. Anaonja kwanza, mbele ya wasee wote. Mi huangalia koo, vile Mathe alitufunza. Asipomeza, sinywi."

Nilimgeukia mama anisaidie. Alikuwa ameacha kuchambua. Niliona kwamba amefurahi, hilo ndilo lililoniudhi, amefurahi kusikia kwamba kuna mwanamke mwingine katika mji huu anayesimama mlangoni na kumeza mbele ya watu.

"Kama anaonja," mama akasema, "si mbaya sana."

Hata mimi nilikuwa nimelelewa hivyo. Nilikusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko kawaida nikaenda kuviosha.

Simu ilikuja siku ya kazi, mchana wa jua kali. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya watu wanne waliokuwa wakibishana juu ya ile ya ngano, mmoja akisema ananusa ndizi, mwingine akishikilia kwamba ni pera. Aliyepiga alikuwa nyapara wa mjengo, mtu nisiyemjua. Aliniambia ndugu yangu ameanza kazi vizuri asubuhi, kisha akalalamika kwamba vumbi la simiti limemwingia machoni. Walimpa maji akanawa. Akanawa tena. Halafu akakaa chini kwenye kokoto akasema kila kitu ni cheupe, kama mtu amemwaga maziwa mbele yake, na sasa anatapika.

Niliacha trei kwenye meza ya wale watu na kutafuta boda boda. Dereva alipita vichochoro vyote alivyovijua, na mimi nilikuwa nikimpigia kelele mgongoni kana kwamba yeye ndiye aliyepika kile kitu. Nilimkuta ndugu yangu amekaa ameegemea tangi la maji, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye jua moja kwa moja bila kupepesa.

"Ni mimi," nikasema.

"Siz, kuja karibu. Hii vumbi imekataa kutoka."

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, amechoka, lakini alinieleza kama mtu anayeelewa kwamba naelewa. Aliniuliza amekunywa lini. Jana jioni, nikasema, kwa sababu ndivyo ndugu yangu alivyosema. Akatikisa kichwa. Sumu hii haina haraka, akaniambia. Siku ya kwanza mtu analewa kama kawaida, anacheka, analala, anaamka na kwenda kazini. Ubaya wake unakuja kesho yake. Kwa hiyo wakati wanakunywa, kila mtu pale anaonekana mzima.

"Na dawa yake?"

"Tunampa pombe safi," akasema. "Inaizuia ile nyingine isizidi kumharibu."

Nilicheka. Ilinitoka tu, cheko la sauti, katikati ya wodi. Daktari aliniangalia vibaya na sikumlaumu. Wakampa, nami nikakaa kando ya kitanda nikimwangalia ndugu yangu akinyweshwa pombe na watu wenye makoti meupe. Haikuwa na povu wala harufu ya ndizi, na hakuna aliyemuuliza anasikia nini nyuma ya ulimi. Ilimponya asife. Macho hayakurudi.

Yule mama pima alikuwa amekufa asubuhi ile ile, kabla ndugu yangu hajaanza kunawa uso. Nilijua baadaye, nilipoenda Kawangware kuchukua godoro na nguo. Majirani walinieleza kwamba alikuwa amenunua kwa mtu mpya, mzigo safi usio na rangi, akaonja mbele ya wateja kama siku zote, akaonja vizuri maana alikuwa mtu wa haki. Nilikuwa nimeenda na matusi yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikasimama mbele ya mlango wake uliofungwa kwa kufuli, na sikupata la kumtukania mtu aliyemeza wa kwanza.

Wengine walimtukana. Nyumbani kwa mama walikuja wageni wa kutupa pole, na mmoja akasema mwanamke yule achomwe huko aliko. Ndugu yangu, aliyekuwa amelala amegeukia ukuta, akainuka.

"Msimtusi," akasema. "Alimeza. Nilimwona."

Basi nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda, na hasira zangu huwa haziendi mbali. Wageni walipoondoka nilimwambia mama kwamba ni yeye aliyesema si mbaya. Nilimwambia kwamba ni yeye na koo lake. Alivuta ungo wa omena akaanza kuchambua, na alichambua zile ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Sijamwomba msamaha, na sijui kama nitamwomba, kwa sababu sehemu yangu moja bado inasema vilevile.

Ndugu yangu alihamia kwa mama. Chumba alikijua tangu utotoni, kwa hiyo hakugonga vitu sana. Shida ilikuwa mdomo. Hakukubali tena kitu alichopewa. Chai ilipoa mkononi mwake. Uji uliganda. Alikuwa akiuliza umepikwa na nani, maji yametoka wapi, nani mwingine amekunywa, na ukishamjibu yote anasema asante na kuweka kikombe chini. Maji alikunywa yale tu aliyojikingia mwenyewe mferejini, akipapasa njia kwa ukuta. Chakula alikula pale tu mama alipokula naye sahani moja, na hata hapo alisubiri. Alikonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba. Mama aliomba, mchungaji akaja, mimi nikagomba, na yeye alitusikiliza sote kwa adabu ile ile ya zamani.

Miezi ikapita hivyo. Kiangazi kikarudi, wateja wetu na miwani yao wakarudi, na mimi nikarudi kuwaeleza kwamba ndani hamna ndizi. Chupa za lebo mbovu niliwaachia wenzangu.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa kwa mama, mabati yanalia kwa joto. Ndugu yangu akasema bila kugeuza uso, "Siz. Ile ya ndizi bado mnapika?"

Mama aliacha alichokuwa akifanya. Tuliangaliana, yeye na mimi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Bado," nikasema.

"Ilikuwa poa, ile."

Jumapili iliyofuata nilikuja nayo. Nilitoa beseni, nikaweka maji, nikafunika chupa kwa gunia, kila kitu kama zamani. Niliifungua chupa polepole, nikijichekea kwamba mimi, mtu wa kumimina kutwa, nitaimwaga. Nilimimina vikombe viwili. Harufu ilijaa chumbani na ndugu yangu akainua kidevu, na nilimwona akiitambua. Nilikuwa naanza kuchukua kikombe changu ili nionje mbele yake pale mama aliposema, "Lete hapa."

"Mathe, wewe hunywi."

"Nimesema lete."

Akakichukua. Akaenda kusimama mlangoni penye mwanga, uso kwa mwanawe, mgongo ameunyoosha vile alivyokuwa akisimama tulipokuwa wadogo. Alikuwa ameshainua kikombe alipokumbuka. Akakishusha. Akarudi ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akauchukua mkono wa ndugu yangu na kuuweka kooni mwake.

Akanywa. Niliona koo likipanda na kushuka chini ya vidole.

Ndugu yangu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Sijasikia," akasema. "Rudia."

Mama akarudia. Akarudia tena. Hakumwambia kwamba aliahidi mbele ya kanisa, na kikombe kikaendelea kupungua mpaka nikaona kitako chake. Machozi yalikuwa yakimtoka mama, lakini alimeza vizuri, bila kukwama, kama mpishi.

"Sawa," ndugu yangu akasema. "Imeshuka. Sasa yangu wekeni kando. Nitakunywa kesho, Mathe akiamka."

"Sawa, baba," mama akajibu.

Akaniomba nichukue sahani nikifunike kile kikombe cha pili. Yeye mwenyewe hakuweza kuinuka, kwa sababu vile vidole vilikuwa bado viko kooni mwake.